Unalipia Gari, Hulipii Taka: Ada ya Uzoaji na Njia za Kusamehewa

Mkazi anayefika dirishani na hoja kwamba "taka zangu ni chache" huwa ameshindwa kabla hajavuta kiti. Karani hana pa kuiandika hoja hiyo. Mfumo wake una namba ya akaunti, una kundi la ada, una orodha ya sababu za msamaha, na uchache wa taka haumo. Katika miji mingi hauwezi hata kuwamo, maana ada haikukokotolewa kwa kilo zilizo mfukoni. Ilikokotolewa kwa gari kupita.

Hesabu yenyewe ni hii. Gari la kushindilia taka la ukubwa wa kati hubeba tani 8 hivi. Kaya ya watu 5, kila mmoja akitoa nusu kilo kwa siku, hutoa kilo 17.5 kwa wiki. Safari moja basi inabeba taka za wiki nzima za kaya 450 hivi. Dereva, wapakiaji wawili au watatu, dizeli, matairi, mafuta ya haidroli, saa za kusubiri foleni dampo: vyote hivyo hulipwa hata kama nyumba 50 kati ya hizo hazikutoa kitu wiki hiyo. Gari limepita njia ileile. Kinachopungua ni ada ya dampo inayotozwa kwa tani, na penye dampo la kawaida lisilo na mitambo, sehemu hiyo huwa ndogo ukiilinganisha na ya ukusanyaji. Ndiyo maana sheria ndogo nyingi husema ada inadaiwa kwa kuwepo kwa huduma, hazitaji kuitumia. Maneno hayo machache huamua maombi mengi kuliko hali ya mwombaji mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kuandika barua yoyote, soma bili ujue inakutoza nini.

Kipimo kilichotumika

Njia nyepesi kwa ofisi ni ada sawa kwa kila nyumba. Ni rahisi kuidai, na inamwelemea mwenye kipato kidogo: mjane anayeishi peke yake hulipa sawa na nyumba ya watu 9. Miji mingine huhesabu vichwa, mingine hupima sakafu kwa mita za mraba. Italia inachanganya yote mawili. Kodi yake ya taka, TARI, iliyoanza 2014, ina sehemu ya kudumu na sehemu inayobadilika, na kwa nyumba za kuishi huangalia ukubwa wa nyumba pamoja na idadi ya wakazi.

Kuna miji inayobandika ada kwenye bili ya umeme au ya maji. Makusanyo hupanda haraka, kwa kuwa asiyelipa anahofia kukatiwa, lakini makosa ya mita nayo huhamia kwenye taka. Mtu mmoja mwenye mita 3 kwenye nyumba moja hutozwa mara 3. Familia 3 zinazochangia mita moja hutozwa mara moja. Chumba kilichofungwa huku mita ikibaki hai kinaendelea kudaiwa. Wa kwanza hulalamika, wa pili hunyamaza, na ofisi ikiamka kusahihisha daftari huanza na yule wa pili.

Kisha kuna wanaotoza kwa kiasi, na huko ndiko hoja ya taka chache ina nguvu. St. Gallen nchini Uswisi ilianza kutoza kwa mfuko mwaka 1975, Zürich ikafuata 1993. Korea Kusini iliweka mfumo huo nchi nzima mwaka 1995, na Taipei mwaka 2000. Mkazi hununua mfuko rasmi, na bei ya mfuko ndiyo ada. Mfuko usio rasmi haubebwi. Seattle tangu 1981 hutoza kwa ukubwa na idadi ya mapipa. Ujerumani kwa kawaida huangalia ukubwa wa pipa na mara linapomwagwa, na halmashauri nyingi huko zimeweka kiwango cha chini cha lita kwa kila mtu kwa wiki. Huwezi kushuka chini ya hapo hata ukiapa kwamba hutupi chochote. Kiwango hicho kipo kwa sababu inayoeleweka: mtu akiruhusiwa kuwa na pipa dogo mno, taka zake zitaonekana mtaroni au kwenye pipa la jirani.

Na kuna pale panapoitwa bure. Uingereza, sheria ya mazingira ya 1990 inazizuia halmashauri kutoza ukusanyaji wa kawaida wa taka za nyumbani, ingawa zinaweza kutoza taka za bustani na vitu vikubwa kama makochi na friji. San Diego nchini Marekani iliishi na sheria ya 1919 iliyozifanya nyumba za familia moja kuchukuliwa taka bila ada, mpaka wapiga kura walipoibadilisha Novemba 2022. Kwa miaka mingi wakazi wengi wa maghorofa walikuwa wakilipa kampuni binafsi, huku wakichangia huduma ya wenye nyumba kupitia kodi nyingine. Bure ya mmoja ilikuwa imo kwenye bili ya mwingine.

Maombi manne yasiyofanana

Kosa linalogharimu watu zaidi ya yote ni kuandika "naomba msamaha" juu ya kila barua. Kuna kusahihishiwa, kupunguziwa, kusamehewa na kuongezewa muda, na kila kimoja kina mlango wake.

Kusahihishiwa ni pale bili ilipokosea: watu 7 wakati mko 3, mita za mraba 140 wakati nyumba ina 95, kundi la biashara wakati ni makazi, au akaunti mbili kwa mlango mmoja. Hapo huombi huruma. Huhitaji barua ya kipato wala maelezo ya ugonjwa. Unahitaji ushahidi wa jambo lenyewe. Tofauti kubwa iko kwenye tarehe. Sahihisho kwa kawaida hurudi nyuma mpaka siku kosa lilipoanza, kwa ukomo uliowekwa na sheria ya eneo, na kilichozidi hurudishwa au huhamishiwa bili zijazo. Msamaha kwa kawaida huanza siku ombi lilipopokelewa, au mwanzo wa kipindi kinachofuata. Mtu aliyetozwa kimakosa kwa miezi 20 akaandika "naomba msamaha" anaweza kukubaliwa kwa furaha, akapoteza miezi yote 20.

Kupunguziwa ni haki iliyotajwa kwenye kanuni kwa kundi fulani: anayeishi peke yake, anayetengeneza mboji, nyumba ya msimu, nyumba iliyo mbali na kituo cha taka. Ukitimiza sharti, afisa hana hiari ya kukataa. Kusamehewa ni kuondolewa deni lote au sehemu yake kwa sababu ya hali, na mara nyingi uamuzi unabaki kwa afisa au kamati. Kuongezewa muda, au kulipa kwa awamu, hakupunguzi hata senti. Kunazuia adhabu isiongezeke.

Ukiwa na haki mbili, ziombe kwa barua mbili. Barua moja yenye sahihisho na msamaha ndani yake huishia kwa afisa mmoja, naye hushughulikia lile lililo kwenye dawati lake.

Kuhusu punguzo, uliza linahesabiwa juu ya nini. Tuseme bili ni 100, ambapo 60 ni sehemu ya kudumu na 40 ni sehemu inayobadilika. Tangazo linasema asilimia 30 kwa anayeishi peke yake. Ikiwa punguzo ni la sehemu inayobadilika tu, utaondolewa 12, ulipe 88, wala si 70 uliyoitarajia. Ukiwa pia na punguzo la mboji la asilimia 20, kuna ofisi zitakazoondoa asilimia 50 ya 40, ulipe 80, na nyingine zitaanza na 12, kisha asilimia 20 ya 28 iliyobaki, ulipe 82.4. Nyingine huweka kikomo cha jumla kwa mapunguzo yote. Tofauti ni ndogo kwa mwezi mmoja, lakini ndiyo chanzo cha malalamiko mengi ya "nimepewa punguzo sijaliona".

Sababu zinazokubalika, na karatasi zake

Kipato kidogo ndiyo sababu ya kwanza inayofikiriwa, na ndiyo yenye usumbufu mkubwa. Ofisi ya taka haina uwezo wa kupima umaskini, kwa hiyo huegemea daftari la mtu mwingine: orodha ya wanaopokea ruzuku ya kaya, kitambulisho cha mstaafu, uthibitisho wa ofisi ya ustawi wa jamii. Aliye maskini na hayumo kwenye daftari lolote huanguka katikati. Kama ndivyo ulivyo, usipoteze miezi kwenye dirisha la taka. Anza kwenye daftari. Ukishaingia huko, msamaha wa taka mara nyingi hufuata wenyewe, pamoja na mwingine ambao hukuujua. Korea Kusini hufanya jambo la busara: kaya zilizo kwenye mpango wa msaada wa kujikimu hupewa mifuko rasmi bila malipo, kwa idadi maalumu. Mfuko ukiisha, umeisha, kwa hiyo hata aliyesamehewa bado ana sababu ya kutenganisha taka zake.

Ugonjwa na umri vina hesabu yake pale ada inapokwenda kwa ujazo au uzito. Mtu mzima anayetumia nepi 5 kwa siku, kila moja ikiwa na gramu 400 baada ya kulowa, hutoa kilo 14 kwa wiki. Kwa kipimo kile cha nusu kilo, hizo ni taka za kaya nzima ya watu 4. Anayesafishwa damu nyumbani kupitia tumboni hutupa kila siku mifuko na mirija ya plastiki inayojaza pipa upesi kuliko inavyoongeza uzito. Halmashauri nyingi za Ujerumani hutoa mfuko maalumu wa nepi au lita za ziada, na nyingi za Japani hutoa mifuko rasmi ya bure kwa wenye watoto wachanga na kwa wagonjwa wanaotumia nepi. Karatasi inayotakiwa huwa fupi: barua ya daktari inayotaja aina ya taka na kiasi chake. Haihitaji kutaja ugonjwa, na afadhali isiutaje. Faili la taka hupitia mikono mingi. Sindano ni jambo jingine kabisa. Haziingii hivihivi kwenye mfuko wala pipa la nyumbani hata ukiwa na msamaha wa aina gani; huwekwa kwenye chombo kigumu cha kufungwa, na mahali pengi hurudishwa kliniki au duka la dawa.

Huduma kutofika ndiyo sababu yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo watu wanayoitumia vibaya zaidi. Sheria ya TARI inafaa kusomwa hata na asiyeishi Italia, kwa sababu inaonyesha swali linavyopaswa kugawanywa. Huduma isipotolewa, au ikitolewa kwa kuvunja kanuni vibaya, mkazi hudaiwa kisichozidi asilimia 20 ya ada. Kwenye maeneo ambako ukusanyaji haufiki, hudaiwa kisichozidi asilimia 40, na kiwango kinapangwa kwa umbali wa kufika kituo cha karibu cha kukusanyia. Lawama zimetenganishwa na jiografia. Nyumba iliyo mbali haikukosewa na mtu. Inahudumiwa kidogo tu.

Mkazi anayedai kwamba gari halikuja anatakiwa kuonyesha mambo matatu: kwamba taka zilikuwa nje mahali panapotakiwa, kwamba zilikuwa nje kabla ya saa iliyotangazwa, na kwamba aliripoti ndani ya muda. Muda huo mara nyingi ni siku moja au mbili. Picha ya pipa saa 12 asubuhi na nyingine ya pipa lilelile saa 12 jioni, simu ikiwa imewekewa tarehe sahihi, inatosha kwa mawili ya kwanza. Kwa la tatu unahitaji namba ya ripoti. "Nilipiga simu" bila namba ni sawa na hukupiga. Wiki moja iliyorukwa haileti punguzo karibu popote. Huleta gari la ziada. Kinacholeta punguzo ni mfululizo, na kila kanuni husema mfululizo huo ni wa siku au wiki ngapi.

Kabla ya kuripoti, hakikisha si pipa lako lililoachwa makusudi. Wapakiaji huacha pipa lenye zege, udongo, majivu yenye moto au taka zisizotenganishwa, na mara nyingi hubandika karatasi juu ya mfuniko. Huacha pia pipa zito mno, kwa kuwa kinyanyuzi cha gari kina ukomo na mgongo wa binadamu una ukomo zaidi. Njia iliyozibwa na magari yaliyoegeshwa huhesabiwa na ofisi nyingi kuwa si kosa la mzoaji.

Nyumba tupu. Hapa rudi kwenye gari: kwa ofisi, nyumba iliyofungwa kwa wiki 6 za likizo ni kituo cha gari kama kawaida. Kanuni nyingi hutaka miezi kadhaa mfululizo, na hutaka ushahidi kwamba nyumba haikaliki, hasa bili za umeme na maji zinazosoma sifuri au zilizokatwa. Taa moja ya ulinzi inayowaka usiku hupandisha mita kidogo kila mwezi na kutia ombi doa. Kama taa ni lazima, ieleze kwenye barua kabla hujaulizwa. Rudisha pipa, au omba lifungwe kwenye mfumo; pipa linaloendelea kutolewa nje na mlinzi au jirani humaliza kesi. Toa taarifa kabla ya kuondoka. Miezi iliyopita huthibitishwa kwa shida, na afisa anajua hilo.

Mboji ina punguzo katika halmashauri nyingi za Ujerumani na Italia, kwa sharti kwamba chombo kiwepo, bustani ya kuitumia iwepo, na mkaguzi aruhusiwe kuingia. Sababu ya kawaida ya kufutwa ni mkaguzi kukuta kikasha kikavu chenye utando wa buibui. Mboji hai ina joto, ina unyevu na ina tabaka mpya juu.

Makosa ya bili kwenye mapipa yenye chipu na mizani

Pipa linalotozwa kwa kila linapomwagwa huwa na chipu ndogo ya redio, mara nyingi chini ya ukingo wa mbele. Mkono wa gari ukilinyanyua, kisomaji kinaandika namba na saa. Mfumo unaaminika, lakini hauna macho. Pipa lililobadilishana na la jirani huandikwa kwa jina la aliyesajiliwa. Pipa lililoibwa huendelea kukutoza popote linapomwagwa. Likinyanyuliwa mara mbili mfululizo kwa sababu mfuko ulinasa ndani, mfumo mzuri hufuta ya pili na mbovu huhesabu mbili. Dawa ni moja: omba orodha ya tarehe na saa za kumwagwa, uilinganishe na siku ulizolitoa nje. Mistari miwili yenye dakika moja katikati yake inajieleza yenyewe. Mstari wa siku isiyo ya mtaa wako unaonyesha pipa liko mtaa mwingine.

Pale panapopimwa uzito, adui ni maji. Mdomo wa pipa la lita 240 una eneo la takribani theluthi ya mita ya mraba. Mvua ya milimita 10 ikinyesha mfuniko ukiwa wazi, zinaingia lita 3 na ushei, yaani kilo 3 za mvua utakazozilipia kama taka. Mabaki ya jikoni yakichujwa usiku mmoja kabla ya kutupwa hupungua uzito kwa kiasi kinachoonekana kwenye bili.

Pale panapotozwa ukubwa wa pipa, watu wengi wamekodi hewa. Benki ya Dunia, kwenye ripoti yake ya 2018, iliweka wastani wa dunia kuwa kilo 0.74 kwa mtu kwa siku. Kaya ya watu 4 kwa wastani huo hutoa kilo 20.7 kwa wiki. Taka mchanganyiko zisizoshindiliwa zikiwa na kilo 150 kwa mita ya ujazo, hizo ni lita 138; zikiwa zenye mabaki mengi ya jikoni, tuseme kilo 300, ni lita 69. Pipa la lita 240 kwa kaya hiyo halijai. Usiniamini kwa hesabu ya wastani, pima mwenyewe: kwa wiki 4, dakika chache kabla ya gari kuja, chomeka kijiti ndani ya pipa na uandike kina kilipofika. Ikiwa mara zote 4 hakikuvuka nusu, omba pipa la lita 120. Uliza kwanza gharama ya kubadilisha na mara ngapi kwa mwaka unaruhusiwa, maana ofisi nyingine hukupa nafasi moja tu. Na usishuke kupita kiasi: mfuniko usiofunga huhesabiwa mzigo wa ziada, na mifuko ya ziada mara nyingi ni ghali kwa lita kuliko pipa kubwa.

Barua

Barua nzuri ni ya ukurasa mmoja. Juu kushoto au kulia, kwa desturi ya ofisi yako, jina kama lilivyo kwenye bili, namba ya akaunti, anwani ya nyumba inayotozwa na namba ya simu. Kisha kichwa kinachotaja ombi moja:

*YAH: OMBI LA KUSAHIHISHIWA KUNDI LA ADA, AKAUNTI NAMBA …, KUANZIA TAREHE …*

Aya ya kwanza iseme bili inasema nini, ya pili iseme hali halisi ni ipi, ya tatu iseme unaomba nini na kifungu gani cha kanuni kinaruhusu. Orodhesha viambatisho kwa namba. Hali yako ya maisha iandike tu kama ndiyo sababu ya ombi. Barua za kurasa tatu zinazoanzia utotoni husomwa mstari wa mwisho peke yake.

Jina ndilo linalokwamisha maombi mengi. Bili iko kwa jina la mwenye nyumba, mwombaji ni mpangaji. Au iko kwa jina la marehemu na mwombaji ni mwanawe. Ofisi haiwezi kumpa msamaha mtu asiyemo kwenye akaunti. Mpangaji awe na mkataba pamoja na barua ya idhini ya mwenye nyumba, na waandikiane kabisa kwamba punguzo litashuka kwenye kodi ya pango. Bila hivyo, msamaha uliopatikana kwa ugonjwa wa mpangaji hubaki mfukoni mwa mwenye nyumba. Mrithi abadilishe kwanza jina la akaunti. Kwenye maghorofa yenye pipa la pamoja, msamaha wa mtu mmoja hauonekani kwenye bili ya jengo hadi msimamizi aombe bili itenganishwe, au ofisi ikubali kumlipa mhusika moja kwa moja.

Peleka nakala mbili. Moja ibaki, nyingine urudi nayo ikiwa na muhuri wa mapokezi na tarehe. Ukituma kwa mtandao, piga picha ukurasa wa uthibitisho, kwa sababu tarehe hiyo ndiyo mwanzo wa msamaha.

Ukisubiri jibu

Usiache kulipa. Ombi halisimamishi deni isipokuwa kanuni iseme hivyo, na adhabu ya kuchelewa hukua huku barua yako imelala. Lipa sehemu usiyoipinga. Kama bili ni 100 na wewe unasema halali ni 60, lipa 60 kabla ya tarehe ya mwisho na uandike kwamba 40 inapingwa. Taja pia mwezi unaolipia, kwa kuwa mifumo mingi humeza malipo kuanzia deni la zamani zaidi. Mtu analipa Juni, mfumo unapeleka pesa Februari, na Juni inaonekana haijalipwa na inapigwa adhabu.

Malimbikizo yenyewe yachambuliwe kabla ya kuombewa chochote. Omba taarifa ya akaunti inayotenganisha ada halisi, adhabu na gharama za ufuatiliaji. Ofisi ni wepesi zaidi kufuta adhabu kuliko ada, kwa kuwa ada ina gari nyuma yake na adhabu haina. Pendekezo la "nitalipa ada yote kwa awamu 6, naomba adhabu ifutwe" hupita mahali ambapo "naomba deni lote lifutwe" limekataliwa mara mbili. Awamu zisizidi uwezo: kushindwa moja kwa kawaida hurudisha adhabu yote.

Pesa ipite kwenye namba rasmi ya malipo. Mtu mwenye fulana ya usafi anayekusanya fedha mlangoni kwa kitabu cha risiti kisicho na namba za mfululizo anaweza kuwa mzoaji halali, na pesa ikafika robo tu. Mfumo haujui risiti hiyo. Penye mzoaji binafsi na halmashauri kwa pamoja, chunguza kama hulipi mara mbili kwa gari moja.

Nani analipia msamaha

Swali hili ofisi hulikwepa, na ndilo linaloamua kama msamaha utadumu. Tuseme uzoaji unagharimu 100 kwa kaya na kaya zote hulipa: ada ni 100. Kaya 20 katika 100 zikikwepa, ada inayotosha ni 125. Zikiongezeka 10 zilizosamehewa kihalali bila fedha ya kuziba, waliobaki 70 wanatakiwa kulipa 143. Wakipandishiwa hadi hapo, wengine hukwepa, na mduara unajifunga. Kwa mtazamo wa anayeandika hapa, msamaha unaoongezwa kimyakimya kwenye bili za majirani ni msamaha mbovu. Halmashauri iulipie kutoka bajeti yake, kama inavyolipia huduma nyingine za ustawi, na bili ya aliyesamehewa ionyeshe mistari mitatu: ada kamili, kiasi kilichosamehewa, kilichobaki. Bili inayosema sifuri tu humfanya mtu adhani hana akaunti, kisha mwaka unapoisha msamaha nao unaisha, na bili kamili inamkuta bila taarifa.

Misamaha mingi ni ya mwaka mmoja. Weka tarehe ya kuhuisha miezi miwili kabla, kwa kuwa karatasi za ustawi wa jamii na za daktari huchukua wiki. Hali ikibadilika katikati, mtoto akahama au mgonjwa akafariki, toa taarifa. Ofisi ikigundua baadaye hudai tofauti yote pamoja na adhabu.

Ukihama, funga akaunti kwa maandishi kabla ya kukabidhi funguo. Piga picha namba ya pipa au ya chipu, pamoja na pipa likiwa tupu, na uombe bili ya mwisho yenye tarehe ya kuondoka. Asiyefanya hivyo hupata bili za mtu anayeishi kwenye nyumba yake ya zamani, na kuzifuta kunahitaji mkataba wa pango uliokwisha, bili ya mwisho ya umeme na safari mbili au tatu za ofisini.